Kisahani cha Siku Kumi

Jumatatu, 1 Septemba

Bismillahi. Salamu kwako, daftari. Habari za kukaa kabatini miaka yote hiyo? Natumai hujambo na mende hawakukuonea. Mimi mwili haujambo. Moyo — tutazungumza.

Nimekupata kwa Miwani, mpimaji wetu wa maabara. Ulikuwa daftari la vipimo, zikatumika kurasa sita tu ukasahauliwa. Akaniambia chukua, shangazi, wewe ni mtu wa maneno, yaweke humo. Haya, nayaweka. Sina mwingine wa kumwekea. Nikimwambia wifi yangu, kesho yatafika sokoni yameota mikia.

Leo wamechukua kipimo cha mguu wa Fundi. Fundi ni mume wangu. Nimemwita hivyo tangu siku aliponipima gauni la kwanza akakosea kiuno — alisema alikosea makusudi, ili nirudi. Ni fundi wa cherehani ya miguu, anashona sare za shule. Miezi kumi na moja iliyopita alikuwa anaziba bati, akaanguka kutoka juu ya paa. Muundi wa kulia ukavunjika vipande vitatu. Wakamtia chuma na skurubu saba. Yeye anakifanyia mzaha chuma hicho. Anasema amepandikizwa pasi, akikaa juani dakika kumi ananyoosha suruali akiwa ameivaa.

Lakini kuna tundu. Dogo, upana wa kifungo cha shati. Linatoa maji, kisha usaha. Anapewa vidonge, linakauka, tunashukuru. Vidonge vikiisha, wiki ya tatu, hilo tena. Hii ni mara ya tatu.

Daktari wa mifupa amesema wazi. Kitu kikiota kwenye kipimo, chuma kitoke, hata kama mfupa haujashika sawasawa. Kisipoota, tundu lishonwe, chuma kibaki mpaka mfupa ukomae. Na ili kipimo kiseme kweli, Fundi ameacha vidonge wiki mbili nzima. Wiki mbili hizo sitaki kuzikumbuka. Alikuwa akiuma pembe ya mto ili jirani asimsikie.

Nimembadilishia kitambaa. Amesali juu ya kiti, nami nyuma yake. Dua yangu ilikuwa moja tu: kusiote kitu.


Jumanne, 2 Septemba

Mirija arobaini na miwili leo. Kazi yangu ni hiyo, mwaka wa kumi na tisa sasa — naosha vyombo vya maabara, na vile visivyooshwa navipika kwenye jiko la mvuke ili vijidudu vife kabla ya kutupwa. Shule niliishia darasa la saba. Lakini kuosha najua.

Mrija uliokaa na maji ya vijidudu siku nyingi huwa na pete ya ute shingoni. Inateleza kama bamia. Ukitia klorini unang'aa, unadhani umemaliza. Kesho pete iko palepale. Dutu ile haiondoki kwa dawa peke yake. Inataka brashi, na kidole nyuma ya brashi.

Nilikuwa na mrija kama huo mkononi nilipomwuliza Miwani, mbona vidonge vinamponya Fundi kisha havimponyi. Akanitazama juu ya miwani yake. Akasema, shangazi, jibu umelishika.

Akanieleza, nami naandika nilivyoelewa. Kijidudu kikiwa peke yake kinaelea, kazi yake ni kula na kuzaa. Kinakula mbiombio, kinapumua sana, baada ya nusu saa vimekuwa viwili. Dawa inakipenda hicho. Inakivizia kinapojenga ukuta wa mwili wake mpya, ukuta unapasuka, kimekwisha. Lakini kikigusa chuma kikakwama, tabia yake yote inageuka. Chakula ambacho kingekizalia watoto, sasa kinakisokota kuwa ute wa kujifunika. Nyumba kwanza, watoto baadaye. Wenzake wanakuja, ute unanenepa. Wa juu wanapata hewa na chakula. Wa chini hewa haiwafikii — basi wanabadili jiko. Waliokuwa wanapikia kuni zinazowaka wanahamia kwenye makaa yaliyofunikwa majivu. Joto kidogo, nguvu kidogo, uchachu mwingi. Wanakua polepole. Wa chini kabisa hawakui hata kidogo. Hawali, hawajengi, wamelala. Dawa inapita juu yao ikitafuta anayejenga, haimwoni mtu. Vidonge vikiisha, mmoja anaamka.

Nikasema, basi kumbe wamedhoofika.

"Hawana nguvu," akasema Miwani. "Wana subira."

Halafu akanichekesha. Eti kuna aina iliyochunguzwa wakaonekana wa nje wanasimama kula kwa muda, ili chakula kiwafikie wa ndani wasife njaa. Nikamwambia hao wana utu kuliko wifi yangu, ambaye akija kwetu hata nyama ya mgonjwa inamhusu. Miwani alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho.

Nilirudi kwenye sinki. Nilipokuwa nasugua ule mrija nilikuwa nauona muundi wa Fundi.


Jumatano, 3 Septemba

Siku mbili zimetimia. Miwani amekitoa kisahani cha Fundi, kile walichopaka usaha wake ili vijidudu viote, kwenye kabati la joto, akakitazama, akakinusa, akakirudisha. Hakuna kitu. Nikaanza kusema alhamdulillahi, akaninyooshea kidole. Bado, shangazi!

Utaratibu wetu ni huu: kisahani cha siku mbili kikiwa kitupu, ni changu. Kila alasiri nazoa vyote vilivyo vitupu, natia kwenye mfuko mwekundu, mvukeni. Cha Fundi kitakaa siku kumi. Amesema hao wa kwenye ute wamezoea njaa. Ukiwaweka kwenye chakula kizuri ghafla hawajui la kufanya, wanahitaji siku nyingi kukumbuka kula. Wakiota, wanaota vidoa vya ncha ya sindano.

Alama yetu ya kusubiri ni mpira mwekundu, ule mwembamba wa kufungia vifuko. Kisahani chenye mpira hakiguswi. Wino hatuuamini, unafutika kwa unyevu wa kabati. Tumeufuata mpira tangu enzi za mpimaji mzee aliyestaafu, na haujatuangusha.

Kesho Miwani anakwenda masomoni mpaka wiki ijayo yote ipite. Atakuja mkaimu wa kushika nafasi yake. Kwa daktari amepeleka karatasi ya muda, hakuna kilichoota hadi sasa, tusubiri. Alipokuwa anavaa viatu vyake vya kuondokea akaniambia kile kisahani ananiachia mimi. Wewe ndiye mlinzi wake, shangazi.

Nani atalinda kuliko mimi?


Alhamisi, 4 Septemba

Adhuhuri. Nimesali, nimekula mkate na chai, naandika mbiombio.

Nimekiangalia! Sikuweza kujizuia. Nilipotoka kusali mkaimu alikuwa amekwenda kunywa chai, nikafungua kabati. Mpira ulikuwa umepita katikati ya kifuniko, umeziba pale hasa nilipotaka kuona. Nikauvua, nikakiinua dirishani, jua likapenya. Safi. Safi kabisa. Hakuna hata kidoa. Nimesimama pale nikamshukuru Mungu mpaka machozi yakanitoka, na nikasikia hatua za mkaimu kwenye korido nikakirudisha haraka.

Siku ya tatu na hakuna kitu. Nimempigia Fundi simu, sikusema sana, nilimwambia tu moyo wangu mweupe. Akasema basi ufue na shati langu.


Alhamisi hiyohiyo, baada ya magharibi

Ya Rabbi.

Alasiri nilisali kwa udhu wa adhuhuri, magharibi ndipo nilipokunja mikono kutawadha. Mkono wa kulia, kwenye kifundo — mpira mwekundu.

Nimekaa chini pale bombani. Maji yakaendelea kumwagika.

Nilizoa vyote saa tisa. Kwa mikono yangu. Visivyo na mpira vyote mfukoni, kama siku zote, hata sikutazama, mikono inajua njia yenyewe. Saa tisa na nusu nilifunga jiko la mvuke nikakaza skurubu.


Ijumaa, 5 Septemba

Nilifika kabla ya mlinzi kufungua geti. Nikafungua jiko. Visahani vimeyeyuka vimekuwa donge moja, kama mishumaa iliyoachwa juani. Nikalipapasa lile donge. Sijui nilikuwa natafuta nini.

Mkaimu ni mtu mpole, anaimba kwa puani akifanya kazi. Akapitia orodha yake, akaja kwangu akauliza kile cha mguu kiko wapi, mama. Nikamjibu kwamba vya siku mbili vilivyokuwa vitupu vimekwenda mvukeni.

Kila neno kweli. Na yote kwa pamoja uongo.

Orodha haikutaja siku kumi, alama ilikuwa mpira tu; akasema sawa, akaandika: hakuna kilichoota. Akagonga muhuri. Mlio wa ule muhuri nilikuwa nausikia hata kwenye khutba.

Ningesema. Ulimi ulikuwa tayari. Kisha nikawaza: wakisema arudie, atakaa bila vidonge siku kumi nyingine. Mto mdomoni tena. Na pengine kweli hakuna kitu. Pengine dua yangu ilijibiwa na mimi nahangaika bure.

Ndivyo nilivyojiambia.


Jumamosi, 6 Septemba

Nimefunga leo. Fundi kaniuliza ni sunna gani. Nikasema ya kawaida tu.


Jumanne, 9 Septemba

Wamelishona tundu. Nyuzi nne. Fundi akamkosoa daktari mshono, akamwambia angemwachia mwenyewe angeweka pindo zuri zaidi. Wauguzi walicheka. Daktari akaonyesha karatasi yenye muhuri, akasema maabara yenu imetupa habari njema. Maabara yenu! Fundi akaniwekea mkono begani mbele ya watu, kitu ambacho hafanyi. Akasema huyu ndiye jasusi wangu kule ndani, kitu kisingepita bila yeye kukiona.

Vidonge ameanza tena. Nawajua wale wa chini. Kama wapo, wamejifunika majivu.

Wifi alikuja jioni na maembe matatu, akala mawili. Akamwambia kaka yake kwamba mimi ndiye ninayeleta vijidudu nyumbani kwenye nguo za kazi, ndiyo maana tundu halifungi. Mtu anashinda anaosha uchafu wa hospitali nzima, halafu anamfunga mgonjwa kitambaa! Fundi akamwambia nyamaza, mikono hii ndiyo misafi kuliko yote mtaani. Wifi akanitazama akasema haya, mwosha huoshwa.

Nilikwenda jikoni. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.


Ijumaa, 12 Septemba

Amekaa kwenye cherehani leo, nusu saa. Mguu wa kushoto ndio uliokanyaga, wa kulia umelazwa juu ya kigoda. Ameshona kola mbili. Sauti ya cherehani nyumbani mwetu — miezi kumi na moja! Jirani akaja mlangoni kusikiliza tu.

Mimi nasinzia mchana, chakula hakipiti, naongea kidogo. Fundi anasema nimepoa kama chai ya jana. Nikasema ni uchovu.

Nikitazama pale chini ya nyuzi, ngozi inang'aa. Anasema inawasha, na kuwasha ni kupona. Mama yake alikuwa akisema hivyo.


Jumapili, 14 Septemba

Mguu umevimba mpaka gotini. Rangi ya nyanya. Nyuzi zimezama ndani ya nyama. Anatetemeka meno yakigongana na jua la saa sita linawaka nje.

Hataki kwenda hospitali. Anasema ni mafua. Safi ni safi, anasema, karatasi si ipo?


Jumatatu, 15 Septemba

Miwani amerudi. Hata begi hajaliweka chini, akafungua kabati la joto. Akatazama rafu moja, akatazama ya pili. Akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa: shangazi, kisahani chetu?

Mpira nilikuwa nao mfukoni. Kila siku nimeuhamisha kutoka gauni hili kwenda gauni lile. Nikauweka juu ya meza mbele yake.

 Aliuchukua, akauzungusha kidoleni, akanirudishia. Nikamweleza yote, kuanzia dirishani, sikuacha hata la mkaimu. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, Fundi ana hali gani leo. Nikamwambia.

Akakaa. Akasema kosa la kwanza ni lake. Kumwachia mke kisahani cha mumewe! Na mpira badala ya lebo, miaka yote hii, kwa sababu tumezoea. Nikamwambia asinipunguzie. Akasema hapunguzi, anagawa, na fungu langu bado ni kubwa.

Nikamwomba achukue kipimo kipya leo leo. Akatikisa kichwa. Vidonge viko mwilini tayari siku ya sita. Wa juu wamekufa, wa chini wamelala, kisahani kitasema tena hakuna. Wiki mbili za kusubiri mguu huo hauna. Sasa ni mkono wa daktari tu: kufungua, kutoa chuma, kukwangua mfupa. Nikasema, brashi. Akasema ndiyo, shangazi. Brashi.

Akaandika karatasi ya kusahihisha, kwamba kipimo kilitupwa kabla ya wakati na jibu lile lisitumike. Jina langu hakuliandika. Nikamwuliza kwa nini. Akajibu:

"Daktari nitamwambia mimi. Fundi umwambie wewe."

Mchana tumempeleka wodini kwa nguvu, mimi na jirani. Amepatiwa kitanda karibu na dirisha.


Jumanne, 16 Septemba

Saa kumi, saa ya kuona wagonjwa. Naandika nikiwa nimerudi nyumbani.

Daktari wa mifupa alikuja na fomu. Akaongea na Fundi kama mtu mzima na mtu mzima. Akasema chuma kimefunikwa na utando, kila dawa itakayoingia itapita juu. Kikitolewa kesho mguu una nafasi nzuri, ataufunga fremu ya nje mpaka mfupa ushike. Kikikaa mpaka Ijumaa, hatazungumzia chuma tena. Atazungumzia mguu. Na baada ya mguu, damu.

Fundi akakataa. Anayelala kitanda cha pili alitolewa chuma mwezi wa saba, leo shuka lake limelala bapa kuanzia gotini. Fundi hamwondolei macho. Akasema karatasi ya kwanza ilisema hakuna kitu, yenye muhuri. Daktari akamwambia ile imefutwa, kipimo kilitupwa kabla ya wakati, akamwonyesha ya Miwani. Fundi akacheka, kicheko kibaya, kikavu. Akasema leo mnataka kukata, basi na karatasi imegeuka.

Wifi naye alikuwa pale, na kapu lake. Akadakia hapohapo. Hawa wana njaa ya visu tu, kaka, usitie sahihi. Wodi nzima ikatugeukia, watu kumi na wanane na wageni wao.

Kisha Fundi akageuza shingo akanitafuta. Macho yamezama, midomo imepasuka. Akasema wao siwaamini, namwamini mmoja tu. Akaniuliza mbele yao wote:

"Bibie, ulikiona kwa macho yako? Kilikuwa safi?"

"Nilikiona," nikasema. "Kilikuwa safi."

Siku ya tatu. Nilikuwa naendelea, wallahi nilikuwa naendelea, kilikuwa safi siku ya tatu lakini — na wifi akapiga makofi akasema umemsikia mkewe. Fundi akafumba macho kama mtu aliyewekewa mto. Daktari akanitazama. Anajua, Miwani kamwambia. Alinisubiri. Nikatazama sakafu. Kengele ikagonga, wageni tutoke.

Fomu imebaki juu ya kabati la kitanda. Haina sahihi. Daktari kamwambia muuguzi wa zamu kwamba orodha ya upasuaji inafungwa kesho saa nne asubuhi.


Jumatano, 17 Septemba

Saa moja na nusu asubuhi, benchi la nje ya wodi ya wanaume.

Mume wangu, salamu. Umeamkaje? Homa imekuachia hata kidogo? Maji unakunywa? Nimekuletea uji, lakini muuguzi anasema usile mpaka ijulikane kama unaingia au huingii.

Ndiyo, ni mimi. Hili daftari lilikuwa langu peke yangu, halikuandikwa usome. Lakini nimejaribu kwa mdomo, na umeona mdomo ulivyonisaliti. Kuingia kabla ya saa kumi siruhusiwi, na saa kumi orodha itakuwa imefungwa. Basi nakupa lote. Nimekata ncha ya ukurasa wa Alhamisi, tarehe nne. Anzia hapo. Ukiwa na nguvu rudi nyuma usome na Jumanne, ile ya mirija, ili ujue ni kitu gani kiko kwenye muundi wako na kwa nini kila mara kinarudi. Miwani alinieleza vizuri kuliko daktari.

Ukimaliza Alhamisi utajua. Mpira umo humu, nimeubana katikati. Uuguse. Ndio huo.

Jana uliniuliza kama kilikuwa safi nikasema ndiyo. Kilikuwa safi kwa sababu hawakuwa wamekumbuka kula. Walikuwa na siku saba nyingine za kukumbuka, nikawatupa mapema, nikakuletea furaha. Ulivumilia wiki mbili bila vidonge kwa ajili ya kisahani kile. Pembe ya ule mto bado ina alama za meno yako. Nimeifua hazitoki.

Daktari hakugeuza karatasi. Miwani hakugeuza. Usiwaweke kwenye fungu langu.

Wifi akija mwambie alisema kweli, mwosha huoshwa. Nitamwambia na mimi. Nitawaambia na mkaimu, na mkuu wa maabara, leo leo, wakiniondoa sinkini wataniondoa. Lakini hao wanaweza kusubiri. Mguu hausubiri.

Najua unakitazama kitanda cha pili. Nimeongea na mkewe hapa kwenye benchi. Mumewe alikaa na chuma miezi mitano baada ya kuambiwa, alikuwa anasubiri mguu upone wenyewe. Muulize.

Mambo ya kunisamehe tuyaache, yana siku zake. Usipotaka niingie saa kumi sitaingia, nitampa muuguzi shuka na sabuni. Kitu kimoja tu nakuomba. Fomu iko juu ya kabati mkono wako wa kushoto. Kalamu nimeichomeka kwenye uti wa daftari, ile yako ya kuchorea vitambaa, inaandika ukiilaza kidogo.

Sasa ni saa mbili kasoro. Muuguzi amesimama mlangoni ananinyooshea mkono, anasema kama ni kutoa nitoe, zamu inabadilika. Niko hapa nje, benchi la kwanza, sihami. Andika humu chini hata neno moja umpe anirudishie. Naomba unijibu mapema.